Kadi Nyekundu Iliyofika Nyumbani Kwetu

Huenda wewe, msomaji mpendwa, ni miongoni mwa wale ambao wakisikia neno raga huwazia vijana wenye shingo nene wakigaagaa matopeni kugombania mpira usiojua kudunda. Sikulaumu. Mama yangu mzazi alizaliwa na kulelewa Kakamega, ambako watoto huijua raga kabla ya kuzijua hesabu za kuzidisha. Hata hivyo, mpaka leo akiuona mchezo huo kwenye runinga huuliza swali moja tu: ni nani atakayezifua nguo zile?

Mimi ni shabiki. Mchezo wenyewe niliucheza muhula mmoja nikiwa kidato cha kwanza, nikavunjika kidole, nikakimbilia chama cha uandishi. Lakini ushabiki hauitishi cheti. Ninajua nani ameumia goti katika timu gani, nani amepungukiwa na makali na kocha yupi anakaribia kuonyeshwa mlango. Mama watoto husema kwamba lau ningezijua bei za unga kama ninavyozijua alama za Springboks, tungekuwa tumekwisha kununua ploti kitambo.

Na kwa kuwa sisi mashabiki hupenda sana kusema juu ya makosa ya wachezaji, leo ningependa kukusimulia juu ya kosa moja ambalo mimi mwenyewe nina fungu langu ndani yake.

Tunaishi karibu na Dagoretti Corner, jijini Nairobi, ambapo mtu akiwa na miguu mizuri aweza kutembea hadi uwanja wa RFUEA kando ya barabara ya Ngong. Pamoja nasi yupo ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wa mama, niliyemchukua baada ya baba kutuaga ili asomee huku mjini. Yeye huniita Kaka, lakini zile barua za shule zinazoandikiwa mzazi, mimi ndiye ninayezitia sahihi.

Ugonjwa huu wa raga ni mimi niliyemwambukiza. Ndiyo kwanza alikuwa ameingia kidato cha kwanza nilipoanza kwenda naye kutazama mechi za Kenya Cup. Siku moja mchezaji wa timu tuliyoipinga aliinuliwa juu juu akabwagwa kama gunia la makaa. Jukwaa zima likaruka. "Mpe nyingine!" nikapaza sauti. Mdogo wangu alinitazama usoni kwanza, nadhani ili ahakikishe kama hilo ni jambo la kushangilia au la. Aliponiona nimeinua mikono, naye akaruka.

Picha hiyo nakuomba uiweke mahali, tutairudia.

Sasa twende kwenye usiku wa Jumamosi, 28 Oktoba 2023. Fainali ya Kombe la Dunia, New Zealand dhidi ya Afrika Kusini, uwanja wa Stade de France karibu na jiji la Paris. Kwetu ilikuwa saa nne za usiku. Mimi tangu zamani ni mtu wa New Zealand, wale wa jezi nyeusi waitwao All Blacks. Mdogo wangu ni wa Afrika Kusini, na hukosi kumsikia akiuliza, "Kaka, inakuwaje mtu akaliacha bara lake?" Jibu la maana sijapata kumpa.

Usiku ule nilikuwa na uhakika wa ushindi, na uhakika huo niliutoa kwenye daftari. Ndiyo, ninaweka daftari. Tarehe, mahali, alama, miguso na wafungaji, yote huandikwa humo kwa kalamu ya bluu. Daftari lilisema kwamba New Zealand walikuwa wamewatoa Ireland 28-24 katika robo-fainali, kisha wakawatandika Argentina 44-6 katika nusu-fainali. Afrika Kusini nao walikuwa wametambaa: 29-28 dhidi ya wenyeji Ufaransa, 16-15 dhidi ya Uingereza. Alama moja, alama moja. Kwa hesabu hiyo, wewe ungesema nani ndiye mwenye makali?

Mechi haikumaliza dakika 5 kabla ya Shannon Frizell wa New Zealand kuonyeshwa kadi ya manjano. Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu, kadi ya manjano humkalisha mchezaji nje dakika 10, na timu hucheza na watu 14. Ilipokaribia dakika ya 30, nahodha Sam Cane alimkaba Jesse Kriel akiwa amesimama wima, na bega lake likampata mwenzake kichwani. Manjano. Katika mashindano yale maofisa waliokuwa mbele ya runinga walipewa nafasi ya kulitazama tena tukio lenye utata wakati mchezaji yuko nje, na walipomaliza kulitazama, manjano ile ikageuzwa nyekundu. Cane akawa mwanamume wa kwanza kutolewa kwa kadi nyekundu katika fainali ya Kombe la Dunia la raga.

Nilisimama. Nilimwambia refa Wayne Barnes maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Lile linaloandikika ni hili: "Nunua miwani!" Nililitamka mara tatu au nne, na binti yetu wa miaka sita akaamka.

"Lakini Kaka," mdogo wangu akasema polepole, "amemgonga kichwani."

"Hiyo ni raga!" nikamjibu. "Wanataka wanaume wacheze kama wanaocheza kibe?"

Yaliyofuata unayajua, au kama huyajui nakueleza upesi maana bado yaniuma. Handré Pollard alikuwa amepachika penalti nne, alama 12, zote kabla ya mapumziko. New Zealand, watu 14, walikataa kufa. Beauden Barrett akafunga mguso, ikawa 12-11, na mkwaju wa ziada ukakosa mlingoti. Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini, naye alikuwa ameonja manjano. Hata Cheslin Kolbe akatolewa mwishoni kwa kuusukuma mpira chini makusudi, akaketi pale nje amejifunika uso kwa jezi, hawezi kutazama. Ikaisha 12-11. Alama moja tena! Afrika Kusini wakawa wamechukua kombe hilo mara ya nne, baada ya 1995, 2007 na 2019, na hakuna nchi nyingine iliyofika hapo. Cane alisema jambo lile ataishi nalo maisha yake yote.

Mdogo wangu alicheza ngoma sebuleni. Mimi nikaenda kulala nikiwa bado namtukana refa moyoni, na asubuhi nikaendelea mezani, wakati wa chai, mbele ya watoto.

Nilichokuwa sijakitazama ni kwamba daftari langu halikuwa na safu ya kadi. Nimeirudia hesabu hiyo baadaye, na nimeona haya. Tarehe 25 Agosti mwaka huo, kabla kombe halijaanza, New Zealand walinyukwa na hao hao Afrika Kusini 35-7 uwanjani Twickenham, kipigo kikubwa kuliko vyote walivyokuwa wamewahi kupata, na Scott Barrett alitolewa kwa manjano mbili hata kabla ya mapumziko. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Ufaransa walishindwa 27-13, na Will Jordan akakalishwa dakika 10. Dhidi ya Namibia walishinda 71-3, lakini Ethan de Groot akala nyekundu katika mechi ambayo hata mimi ningeweza kuichezea. Dhidi ya Ireland, manjano mbili. Katika nusu-fainali, Scott Barrett akapewa manjano nyingine, na dakika zake 10 zilipokwisha benchi la New Zealand likaamua asirudi kabisa. Walimaliza mechi wakiwa 14 kwa hiari yao wenyewe, maana ingekuja kadi ya pili, angeikosa fainali. Hebu fikiria timu inayowaogopa wachezaji wake kuliko wapinzani!

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa yametanda tangu Agosti. Mimi nilikuwa nikihesabu mabao.

Muhula wa kwanza wa 2024 ulipofika, mdogo wangu akiwa kidato cha tatu, alichaguliwa katika kikosi cha shule yake cha wachezaji 15. Akapewa jezi nambari 12. Usiku wa kuamkia mechi ya kwanza aliivaa akalala nayo, akidhani sijui. Nami Ijumaa ile niliomba ruhusa kazini, nikafika mapema, nikasimama pembeni kwenye mstari kama mzazi mwenye hadhi zake.

Walikuwa wakiongoza 12-5. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza punde tu wakati kijana mmoja wa timu ya pili, mwembamba kiasi, alipopenya katikati na kuja mbio upande wetu. Mdogo wangu alimwona. Nami nikamwona mdogo wangu akimwona. Ningependa kukuambia kwamba nilinyamaza, lakini waliokuwa karibu nami walinisikia vizuri sana: "Mpe!"

Hakuinama. Alimwendea akiwa wima vilevile, bega likapanda. Sauti yake ilikuwa kama ya mlango wa gari unaofungwa. Yule kijana alianguka mkono mmoja ukiwa umenyooka mbele yake, haushuki.

Refa, mwalimu kijana aliyeletwa kutoka shule nyingine, hakusita. Nyekundu. Nami, msomaji mpendwa, nikiwa mtu mzima mwenye mke na kitambulisho cha kazi shingoni, nilipiga hatua mbili ndani ya uwanja nikamwambia anunue miwani.

Mdogo wangu alipokuwa akitoka hakumtazama kocha wala wenzake. Alinitazama mimi, kama alivyonitazama siku ile jukwaani, akingoja kuona nitafanya nini na uso wangu.

Shule yao ikashindwa 15-12. Yeye akafungiwa mechi mbili. Jioni hiyo nilikuwa mezani nikiandika barua ya kulalamika, nikiwa nimefika aya ya tatu yenye maneno mazito ya sheria ambayo hata maana yake sikuwa na hakika nayo, mama watoto aliponiletea chai na kuuliza, "Na huyo mtoto wa wenyewe sasa yuko wapi?"

Nilimtazama mdogo wangu. Mdogo wangu akaitazama sakafu. Hakuna aliyejua.

Jumapili tukaenda kumtazama, sisi wawili, tukiwa na maziwa, ndizi na mkate. Nilipata habari zake kupitia kwa kocha. Anakaa na mama yake, muuza mitumba, katika chumba kimoja ambacho siku hiyo kilikuwa giza mchana kweupe kwa sababu leso mbili zilikuwa zimetundikwa dirishani. Mwangaza ulikuwa ukimuumiza. Daktari alikuwa amesema apumzike, asisome, asitazame simu, na asiguse mpira mpaka apimwe tena.

Mama yule alitukaribisha vizuri kuliko tulivyostahili. Alimtazama mdogo wangu kwa muda. "Ndiye wewe?" akauliza. "Ndiye mimi, Mama," akajibu. "Samahani." Mama akamsogezea kigoda.

Yule kijana alikuwa ameketi kitandani, anatabasamu. Walisalimiana kama watu waliowahi kusoma pamoja. Kisha akauliza, "Kwani nani alishinda?"

"Nyinyi," mdogo wangu akamwambia. "15-12."

Akafurahi. Tukazungumza habari za mwalimu fulani wa hesabu anayejulikana katika shule zote mbili. Chai ikaja. Kijana akanywa kidogo, akaweka kikombe, akamgeukia mdogo wangu tena: "Kwani nani alishinda?"

Mama yake akasema kwa sauti ya chini, "Tangu Ijumaa ananiuliza hivyo."

Tulipotoka mdogo wangu alitembea mbele yangu njia nzima, nami sikumwita.

Swali la kijana yule lilinirudisha kwa mtu niliyekuwa nimemsoma nikampita. Steve Thompson alikuwa mchezaji wa safu ya mbele wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia jijini Sydney mwaka 2003, ilipoishinda Australia 20-17. Desemba 2020, akiwa na umri wa miaka 42, alitangaza kwamba amepatikana na ugonjwa wa akili kusahau, ule tuuonao kwa wazee, na kwamba hakumbuki kuichezea fainali ile. Medali anayo, lakini siku yenyewe haipo. Mwaka uliofuata Carl Hayman, aliyekuwa nguzo ya skramu ya New Zealand yangu, alitoa habari kama hiyo juu yake mwenyewe. Wachezaji wengi wa zamani wameungana kuwashtaki wasimamizi wa mchezo, wakidai hawakulindwa dhidi ya vipigo vya kichwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kadi zile zinazotukera. Raga ilipogeuka kuwa ya kulipwa mnamo Agosti 1995, wachezaji wakawa na siku nzima ya kujenga misuli, na miili mikubwa ikaanza kugongana kwa kasi kubwa. Sheria ikabidi ikimbie nyuma yao. Siku hizi refa hutazama kwanza kichwa: kimeguswa au hakikuguswa, kwa nguvu gani, na aliyekaba alijaribu kuinama au alisimama wima. Nia njema haimwokoi mtu. Ufaransa, baada ya vifo vya vijana wachezaji, iliteremsha kimo cha kukaba hadi kiunoni katika raga ya ridhaa mwaka 2019.

Si kwamba wanaume peke yao ndio wanaolipia. Katika fainali ya wanawake iliyochezwa Auckland, Novemba 2022, Uingereza walikuwa wameshinda mechi 30 mfululizo. Lydia Thompson akapewa nyekundu dakika ya 18 baada ya vichwa kugongana. Walipigana wakiwa 14, wakashindwa na New Zealand 34-31.

Mdogo wangu, hata hivyo, hakukubali upesi. Kijana wa miaka 17 ana wakili kichwani. Jioni moja aliniambia, "Lakini Kaka, Tom Curry alitolewa mechi ikiwa na dakika 3 tu, na Uingereza wakawashinda Argentina 27-10."

Ni kweli. Ilikuwa Marseille, 9 Septemba 2023, na alama zote 27 zilipigwa na mguu mmoja, wa George Ford: penalti sita na mikwaju mitatu ya kudondosha. Nilikuwa sijajua nimjibu vipi wakati mama watoto, ambaye raga haimhusu ndewe wala sikio, alipouliza akiwa jikoni, "Na yule aliyegongwa, yeye alisemaje?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi nilikuwa na mfano mwingine. Oktoba 2011, nusu-fainali, Wales dhidi ya Ufaransa. Nahodha wa Wales, Sam Warburton, kijana wa miaka 23, alimwinua Vincent Clerc na kumwangusha vibaya. Dakika ya 18, nyekundu. Wales walikosa fainali kwa alama moja, 9-8. Taifa zima lilimlaani refa Alain Rolland. Warburton mwenyewe baadaye alisema refa alifanya sawa. Nilimsimulia hayo, naye akaniuliza swali nililolistahili: "Na wewe Kaka, siku ile ulikuwa upande wa nani?" Nilikuwa upande wa kumlaani refa, bila shaka.

Wayne Barnes alistaafu siku chache baada ya ile fainali ya 2023. Alisema wazi kwamba yeye na jamaa zake walikuwa wametukanwa na kutishiwa maisha kwa sababu ya kazi ile ya kupuliza kipyenga. Mimi sikumtisha mtu. Nilipiga kelele tu sebuleni kwangu Nairobi, na Barnes hakunisikia. Aliyenisikia alikuwa ameketi karibu nami, na miezi michache baadaye alikuwa amevaa jezi nambari 12.

Barua ya malalamiko sikuimaliza. Nilimwandikia mwalimu yule refa nyingine, fupi, nikaipeleka mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akasema, "Hata mimi nina kaka anayepiga kelele." Basi.

Mechi mbili si adhabu ndogo kwa kijana. Wakati mdogo wangu alipokuwa nje, nafasi yake ilipewa mvulana wa kidato cha pili, naye akafunga mguso mmoja katika kila mechi. Kifungo kilipokwisha, jezi haikurudi. Nilimweleza habari za 1995, wakati Afrika Kusini walipopigana ngumi na Canada mjini Port Elizabeth na wachezaji watatu wakatolewa: Wakanada wawili, pamoja na James Dalton wa Springboks. Winga Pieter Hendriks naye akafungiwa baadaye kwa kosa lake katika mechi hiyo. Nafasi ya Hendriks ikamwendea Chester Williams, mchezaji pekee asiye mzungu katika kikosi kile, ambaye alikuwa ameachwa nyuma kwa sababu ya jeraha. Mechi iliyofuata, dhidi ya Samoa Magharibi, Williams akafunga miguso minne. Siku ya fainali, Mandela alipoingia amevaa jezi nambari 6, Dalton na Hendriks walikuwa watazamaji kama mimi na wewe.

"Kwa hiyo mimi ndiye Hendriks," akasema.

"Wewe ni wa kidato cha tatu," nikamwambia. "Osha vyombo."

Lakini nilipoketi tena na daftari langu nikachora safu mpya, kwa wino mwekundu, na tangu hapo nimeona mambo ambayo awali hayakunijia. Timu ikianza kupoteza makali, kadi huja kabla ya vipigo. Miguu ikichoka mtu hachelewi kuinama tu, bali huacha kuinama kabisa, na bega hupanda lenyewe. Timu inayofukuza mchezo huanza kunyakua kisicho chake. Hata Shujaa wetu wa raga ya wachezaji saba, ambako manjano ni dakika 2 na kipindi kizima ni dakika 7, hupaswa kutazamwa hivyo. Siku ile ya Aprili 2016 walipowafunza Fiji mchezo, 30-7, katika fainali ya Singapore, sote tulikumbuka mbio za Collins Injera. Walipoteremshwa kutoka ligi kuu ya dunia mwaka 2023 tukasema fedha, tukasema kocha, tukasema serikali. Baadhi yake ni kweli. Nani kati yetu alikuwa amehesabu dakika walizocheza wakiwa sita?

Kuna jambo moja ambalo bado linanigawanya nafsi. Wakuu wa mchezo wameanza kuijaribu nyekundu ya dakika 20: mkosaji haendi popote ila nje, lakini baada ya dakika 20 timu yake huruhusiwa kuingiza mwingine. Mashindano ya Mataifa Sita ya 2025 yalichezwa hivyo. Kama shabiki nafurahi, maana nani hulipa pesa zake kutazama 15 dhidi ya 14 kwa saa nzima? Lakini kama mtu aliyeketi katika chumba kile chenye leso dirishani, naona kama tumeanza kupunguza bei ya kichwa cha mtu. Mama watoto anasema niamue kimoja. Sijaamua.

Wachezaji wakubwa wanaoadhibiwa kwa kukaba juu siku hizi wana nafasi ya kwenda katika mafunzo ya kukaba upya, na wakiyamaliza hupunguziwa mechi moja ya adhabu. Owen Farrell, nahodha wa Uingereza, aliyapitia mapema 2023, na Agosti mwaka huo huo akafungiwa mechi nne kwa kosa la namna ile ile. Kwa hiyo sikuamini sana mdogo wangu aliponijia likizo ya Aprili, akasema anataka kujifunza upya, na kwamba angehitaji mtu wa kumkaba.

"Mtu yupi?" nikauliza.

Ndivyo nilivyojikuta uani siku ya Jumamosi, mbele ya wapangaji wote, nimefungwa leso ya mama watoto kiunoni. Sheria ilikuwa kwamba chochote kilicho juu ya leso ni haramu. Mto wa kitanda ndio uliokuwa mpira. Yule kijana wa mitumba, ambaye daktari alikuwa amemruhusu kurudi darasani ingawa si uwanjani, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kipyenga mdomoni, refa wetu wa siku. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kakamega na alipewa kiti kivulini.

Kipyenga kililia. Nikakimbia kwa kadiri ya umri na kitambi. Nilimwona akija, nikamwona akishuka, akishuka tena, kichwa kikipita kando ya nyonga yangu, bega likatua kwenye mapaja, mikono ikanifumba miguu. Sikuumia. Niliruka tu hewani kwa muda ambao ulinitosha kuona ninakoelekea, nako ni kwenye beseni tatu za nguo za jirani zilizokuwa zimelowekwa.

Refa alipuliza kipyenga, akasema ni halali.

Mama akatutazama wote wawili, tumelala majini, povu mpaka masikioni. "Sasa," akauliza, "ni nani atakayezifua nguo zile?"